Mwanamke mwenye kamera: Monique Mbeka Phoba

Juma hili tunaacha kidogo mambo ya minervali na bei ya makala, tuongee juu ya kazi moja ambayo hapa kwetu Kipushi haina hata jina. Ni kazi ya kutengeneza filamu za mambo ya kweli. Si zile za kuigiza ambazo watoto wanaangalia jioni, bali zile ambamo mtu wa kweli anasema maneno yake mwenyewe, akiwa amekaa kwenye kiti chake mwenyewe. Wenye kazi wanaziita dokumentari.

Mama mmoja wa chama chetu ndiye aliyetuletea swali hili. Binti yake yuko kalasi ya sita ya sekondari, anajitayarisha kwa egzameni ya Leta, na amesema wazi nyumbani kwamba hataki uuguzi wala ualimu, anataka picha. Mama akatuuliza: “Hiyo ni kazi ya kulisha mtu, ao ni mchezo?” Hatukutaka kumjibu kwa haraka pale njiani. Tunamjibu hapa, kwa kumwonyesha maisha ya mwanamke Mkongo aliyeifanya kazi hiyo miaka zaidi ya thelathini.

Monique Mbeka Phoba alizaliwa Bruxelles mwaka 1962, wazazi wake wakiwa Wakongo. Alikulia basi kati ya nchi mbili, kama watoto wengi wa ndugu zetu walio Ulaya leo. Hakuanza na sinema. Alisomea mambo ya biashara, biashara ya nchi na nchi, na wakati akiwa bado mwanafunzi aliandika habari kwa magazeti ya Afrika na kuongea kwenye redio. Wazazi, mkumbuke jambo hilo. Mtu anayetaka kutengeneza filamu anapashwa kujua kuandika barua ya kuomba pesa, kuhesabu bajeti, kusoma mkataba kabla ya kutia sahihi. Mwenye kujua hesabu hadanganywi kwa urahisi, na katika kazi hiyo wa kudanganya hawakosekani.

Filamu yake ya kwanza, Revue en vrac, aliifanya mwaka 1991 pamoja na Fred Mongu. Ilihusu magazeti ya Zaire. Wale wenye umri wa kutosha wanakumbuka: tarehe 24 Aprili 1990 Mobutu alitangaza kwamba vyama vingi vimeruhusiwa, na ghafla watu wakaanza kuandika mambo ambayo zamani yalisemwa chumbani, mlango ukiwa umefungwa. Miaka miwili baadaye, mwaka 1993, akatoa filamu nyingine ambayo jina lake ni neno moja tu na alama ya kuuliza: Rentrer? Maana yake: kurudi?

Tuliosoma tunajua alama hiyo ni ndogo, lakini hapo ndiyo filamu yote. Kila Mkongo aliyekwenda Ulaya kusoma anaulizwa swali hilo na mama yake kwenye simu, na kila mmoja analikwepa namna yake. Na mwaka wenyewe ulikuwa mwaka gani? Mwaka 1993 Kinshasa ilikuwa imeporwa kwa mara ya pili, pesa ilikuwa inaanguka kila asubuhi, hapa Katanga treni zilikuwa zinabeba watu waliofukuzwa nyumbani kwao kwa sababu ya kabila, na mgodi wetu wa Kipushi ulisimama. Wengine wanafikiri walio Ulaya walikataa kurudi kwa kiburi. Tusiwahukumu haraka. Mtu anarudi wapi, ikiwa hata waliobaki wanafukuzwa?

Yeye Mama Monique alipata jibu ambalo si ndiyo wala hapana. Katikati ya miaka ya 1990 alitoka Ubelgiji akarudi Afrika, lakini si Kongo: alikwenda Benin, akaishi huko miaka mingi. Akawa mgeni tena, safari hii kati ya Waafrika wenzake. Ugeni wa namna hiyo sisi wa mpakani tunaufahamu. Unavuka kwenda Zambia, kilometa chache tu, watu wanafanana na wewe, mihogo ni ile ile, lakini ukifungua mdomo tu wanajua hukuzaliwa pale.

Huko Benin mwaka 1996 alitengeneza Une voix dans le silence, yaani sauti katika ukimya. Inamfuata mwanaume mmoja wa Benin aliyesema mbele ya watu wote kwamba ana virusi vya ukimwi. Mwaka 1996! Dawa za leo zilikuwa hazijafika kwetu, na mtu mwenye ugonjwa ule alipewa sahani yake peke yake na kikombe chake peke yake. Kuweka kamera mbele ya mtu kama huyo, na kumwacha aseme mwenyewe badala ya daktari au padri kusema kwa niaba yake, kulihitaji moyo wa pande mbili: wake yeye na wa mwenye kamera. Baadaye alitengeneza filamu juu ya Anna, msichana mwimbaji wa Benin, na alianzisha kule Cotonou tamasha la filamu lenye jina Lagunimages. Mgeni ndiye aliyewaandalia wenyeji tamasha.

Lakini filamu ambazo sisi tunazipenda kuliko zote ni zile alizorudi nazo nyumbani kwao, maana hapo alikuwa anachimba chini ya kitanda chake mwenyewe.

Uhuru wa Kongo ulipokaribia kutimiza miaka arobaini, alitengeneza Un rêve d’indépendance, ndoto ya uhuru. Alianzia kwa babu yake. Babu yule alikuwa “asista medikali”, msaidizi wa daktari, na wakati wa Wabelgiji hapo ndipo ngazi ilipoishia kwa Mkongo katika kazi ya uganga. Aliweza kufanya karibu kila kitu daktari alichofanya, lakini jina la daktari hakupewa. Tarehe 30 Juni 1960 nchi yetu ilipata uhuru bila kuwa na madaktari wake yenyewe wenye diploma kamili, na wasaidizi hao ndio waliobeba hospitali Wabelgiji walipokimbia. Wengi wao walitumwa Ulaya miaka ya kwanza ya uhuru kumalizia masomo. Kwa kumfuata mzee mmoja tu, filamu inakuonyesha nchi nzima ilivyotumaini na ilivyochoka. Tunasema hivi kwa waalimu wenzetu wa historia: tarehe watoto wanazikariri na kuzisahau, lakini babu wa mtu hawamsahau.

Kisha kuna Sorcière, la vie!, ambamo aliingia katika jambo la uchawi. Hakwenda nalo kama Mzungu anayecheka, wala kama mchungaji anayepiga kelele. Alikwenda kama mtoto wa familia ambaye anajua kwamba katika familia yake pia wapo wanaoamini, na akataka kuelewa. Hapa hatuwezi kupita bila kusema neno. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 ya kulinda mtoto inakataza kabisa kumwita mtoto mchawi, na inatoa adhabu. Bado tunaona watoto kwenye soko wanaolala chini ya meza za samaki kwa sababu mtu fulani alisema wamekula bahati ya baba. Basi turudi kwa filamu.

Akiwa na Guy Kabeya Muya alitengeneza tena Entre la coupe et l’élection, kati ya kombe na uchaguzi. Hii waume zenu wataipenda. Inawatafuta wachezaji wa Léopards wa mwaka 1974, timu ya kwanza ya Afrika iliyo chini ya Sahara kufika Kombe la Dunia, na inawakuta wakati wa uchaguzi wa mwaka 2006. Katika timu ile Lubumbashi ilikuwa na watu wake: golikipa Kazadi Mwamba, na Bwanga Tshimen ambaye mwaka 1973 alichaguliwa mchezaji bora wa Afrika. Dunia inakumbuka tu magoli tisa waliyofungwa na Yugoslavia. Hakuna aliyewauliza waliishije baada ya pale, walipokuwa hawana tena faida kwa mkubwa yeyote. Kuuliza “na baadaye?” ndiyo kazi ya dokumentari. Gazeti linakuja siku ya mechi, dokumentari inakuja miaka thelathini baadaye na kugonga mlango.

Na sasa tukae kidogo juu ya filamu ya mwaka 2014, Sœur Oyo. Hii si dokumentari, ni filamu fupi ya kuigiza, lakini mbegu yake ni maisha ya mama yake mzazi. Mama yule alisoma Mbanza-Mboma, Kongo ya chini, kwenye shule ya bweni ya masista ambayo ilikuwa ya kwanza kufundisha wasichana Wakongo kwa Kifaransa. Miaka ya 1950 hilo lilikuwa jambo kubwa sana. Wasichana wengi wa wakati ule, hata hapa kwenye kambi za Union Minière, walifundishwa kushona, kupika na kusafisha mtoto, kwa lugha ya nyumbani, basi. Kifaransa kilikuwa cha wavulana, na tena si wote. Kwa hiyo msichana aliyeingia Mbanza-Mboma alifunguliwa mlango ambao dada zake hawakuuona. Lakini mlango huo ulikuwa na bei: ukivuka, lugha ya mama yako unaiacha nje. Katika filamu hiyo kuna msichana anayeitwa Godelive, na tunaona kwa macho yake namna mtoto anavyogawanyika akiwa bado mdogo, nusu kwa masista, nusu kwa bibi.

Sisi waalimu filamu hiyo inatugusa pabaya. Kuna shule, hatutaji, ambamo hadi leo mtoto anayekamatwa akisema Kiswahili uwanjani anavishwa kitu shingoni, na anakaa nacho mpaka amkamate mwenzake. Mtoto anafundishwa hapo mambo mawili: kwamba maneno ya mama yake ni uchafu, na kwamba kumshitaki rafiki kunaleta nafuu. Programu ya serikali yenyewe inasema miaka ya kwanza ya shule ya msingi mtoto afundishwe kwa lugha ya taifa, kwetu Kiswahili, kisha Kifaransa kikue pole pole. Wazazi wengi hawapendi. Wanasema: “Kiswahili anakijua, nalipia Kifaransa.” Tunawaelewa, maana Kifaransa ndicho kinachofungua ofisi. Lakini mtoto aliyejifunza kusoma kwanza katika lugha anayoisikia anasoma haraka zaidi, tunaliona kila mwaka kalasini, na Kifaransa chake hakipungui kitu. Mama Monique alizaliwa Bruxelles, Kifaransa anacho tele. Kitu alichorudi kukitafuta kwa pesa nyingi na kwa miaka mingi ni kile ambacho sisi tunawanyang’anya watoto bure.

Hayo tumeyasema, tuingie sasa kwenye karakana. Watu wanafikiri kutengeneza filamu ni kushika kamera. Kamera ni mwanzo tu. Filamu ya televisheni ya namna hii mara nyingi ina dakika 52, lakini mpaka uzipate, umekwisha kurekodi masaa na masaa ya maneno, ya njia, ya watu wanaopika, ya mvua. Kisha unakaa majuma mengi mbele ya skrini ukifanya montaji: kuchagua, kukata, kuunganisha. Wengine wanaifanya wenyewe, wengine wanakaa na mtu wa montaji bega kwa bega. Hapo ndipo filamu inapozaliwa au inapokufa. Fikirini mama mzee anayeulizwa juu ya marehemu mume wake. Ananyamaza muda mrefu, anakunja kona ya kikwembe, halafu anasema: “Alikuwa mtu mzuri.” Ukikata ule ukimya na kuacha maneno tu, umetengeneza sifa. Ukiuacha ukimya wote, kila mwanamke anayeangalia amekwisha kuelewa. Maneno ni yale yale, uongo au ukweli uko mkononi mwa anayekata. Ndiyo maana tunasema kazi hii inataka mtu mwenye dhamiri, si mtu mwenye kamera nzuri.

Mwingine wa kumfahamu ni Rosine Mbakam, Mkamerun aliyezaliwa mwaka 1980. Yeye alijifunza kamera na montaji kwao Yaoundé, akafanya kazi kwenye televisheni, kisha mwaka 2007 akaenda Ubelgiji kusoma kwenye shule ya sinema ya INSAS. Mwaka 2018 alitoa Chez Jolie Coiffure. Filamu nzima karibu yote iko ndani ya saluni moja ndogo ya kusuka nywele, kule Matonge ya Bruxelles, mtaa uliochukua jina la Matonge ya Kinshasa. Mwenye saluni anaitwa Sabine, alipita Lebanon akiwa mfanyakazi wa nyumbani kabla ya kufika Ulaya, na hana karatasi. Mbakam aliingia mle peke yake na kamera, bila kundi la watu na taa, maana nafasi haikuwepo na uaminifu usingekuwepo pia. Wamama wanasuka, wanacheka, wanaongea juu ya wanaume na juu ya polisi. Nje ya kioo watalii wanapita, wanasimama, wanaangalia ndani kama watu walio mbele ya vizimba vya wanyama. Msusi yeyote wa hapa Kipushi angeijua saluni ile siku ya kwanza. Na tuseme pia, kwa majivuno kidogo, kwamba Safi Faye wa Senegal, mama wa kazi hii kwetu Afrika, alikuwa mwalimu wa shule kabla ya kwenda Ufaransa na kushika kamera.

Sasa jibu kwa yule mama. Ndiyo, ni kazi. Lakini si kazi ya mshahara wa mwisho wa mwezi. Pesa ya filamu hizi kwa sehemu kubwa inatoka Ulaya, kwenye mifuko na televisheni za huko, na mtu anaweza kungoja miaka miwili kabla ya kupata jibu. Kati ya filamu moja na nyingine anafundisha, anaandika, anatafsiri. Ikiwa binti yako ana moyo wa kungoja, amalize kwanza egzameni ya Leta, asomee kitu kimoja kinachoweza kumlisha, na picha azianze sasa hivi, asingoje diploma. Lubumbashi, saa moja tu kutoka hapa njia ikiwa nzuri, kuna wasanii wa Picha ambao tangu mwaka 2008 wanaandaa maonyesho makubwa ya picha na video. Kinshasa kuna Institut National des Arts. Usimwambie kwamba ni mchezo. Mwambie ni shamba la mihogo, halivunwi mwaka ule ule.

Na shamba lenyewe liko hapa hapa. Mgodi wa Kipushi ulianza miaka ya 1920, na Union Minière ilileta watu wa kufanya kazi kutoka Kasai, kutoka Rwanda na Burundi, kutoka Rhodesia ya Kaskazini ambayo leo ni Zambia, na kutoka vijiji vyetu vya Katanga. Ilipoona kwamba mfanyakazi aliye peke yake anakimbia, ikaanza kutaka aje na mke. Bibi zetu wengi basi walifika hapa kama wageni, hawaijui lugha ya jirani, wakipewa posho ya unga kwa kipimo. Kiswahili chetu hiki kilikomaa kwenye foleni za posho. Kisha mgodi ukasimama mwaka 1993, na mwaka 2003 Gécamines ikaanza kuwaachisha watu zaidi ya 10,000 kwa kile kilichoitwa kuondoka kwa hiari. Nani alilisha Kipushi miaka ile? Mnajua jibu. Mama mwenye beseni la samaki, mama wa likelemba, mama aliyevuka mpaka na unga kichwani alfajiri. Tangu mwaka 2024 zinki inatoka tena, na picha za mashine mpya tumeziona nyingi. Picha ya mama wa beseni hatujaiona.

Wamama hao wanatuacha. Mwaka huu tu tumekwenda kwenye kilio mara nyingi, na kila mara tunasikia mtu akisema nje, karibu na moto: “Ningemuuliza.” Kwa hiyo chama kimekubali tuanze na wale wa kambi za zamani waliopita miaka sabini. Hatuhitaji kamera ya Bruxelles, simu inatosha. Ishikeni kwa upana, si kwa urefu, mkae karibu naye, mbali na mashine ya kusaga unga. Mwacheni aseme Kibemba, Kilamba, Tshiluba, Kisanga, lugha yoyote inayomjia, wa kutafsiri tutampata. Msimkate, na akinyamaza, nanyi mnyamaze. Muulizeni alifika Kipushi na nini mkononi. Muulizeni nani alimpikia siku ya kwanza. Muulizeni nyumba ilikula nini juma lile mshahara uliposimama, na kitu gani aliuza kwanza.

Mkutano ni Alhamisi kama kawaida. Mwenye simu yenye nafasi aje nayo, na ijazwe moto tangu Jumatano usiku, maana umeme wetu mnaujua.